Mikopo ya nyumba yaelekea mashambani, hatimiliki zabaki kizingiti

MWALIMU anayelipwa mshahara na serikali na mkulima wa viazi anayetegemea mvua wana jambo moja linalowaunganisha katika eneo la Kibirichia, Kaunti ya Meru. Wote wawili wanatakiwa na sheria kuchangia ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Wote wawili, angalau katika maandishi, wanahesabiwa miongoni mwa Wakenya wanaoweza kunufaika na mpango huo.

Hata hivyo, wengi wa watu wa aina hiyo watakwama kabla hata ya kujaza fomu ya mkopo. Kitakachowakwamisha si mapato yao pekee, wala si umbali wa wadi yao kutoka Nairobi. Ni jina lililoandikwa kwenye hatimiliki ya shamba wanalokusudia kujenga.

Katika miaka ya hivi karibuni, masharti ya kupata mikopo ya nyumba inayosaidiwa na serikali yamelegezwa hatua kwa hatua ili kuwafikia wakazi wa mashambani. Swali ambalo halijajibiwa ni iwapo kulegeza masharti hayo kuna maana yoyote ikiwa sharti kuu zaidi, lile la umiliki wa ardhi, limeachwa lilivyokuwa.

Kibirichia ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Buuri, kaskazini-magharibi mwa mji wa Meru. Ni sehemu ya baridi na yenye rutuba, inayojulikana masokoni kwa viazi vyake. Wakazi pia hufuga ng'ombe wa maziwa na kukuza mboga.

Hapa, kama ilivyo kwingi katika nyanda za juu za Kenya, watu kwa kawaida hawanunui nyumba. Hujenga. Mtu huanza na chumba cha mbao, akaongeza jiko, na msimu ukiwa mzuri akanunua mawe au mabati. Msimu ukiharibika, kazi husimama. Ujenzi wa namna hiyo huweza kuchukua miaka kumi au zaidi, na hulipwa kwa fedha taslimu kutoka shambani, kwenye chama au mshahara wa mtoto aliyeajiriwa mjini.

Mkopo wa riba nafuu ungeweza kuifupisha safari hiyo. Lakini kwa muda mrefu mipango ya serikali kuhusu nyumba ilimlenga mkazi wa mjini. Halmashauri ya kwanza ya nyumba iliundwa mwaka wa 1953, enzi za ukoloni, na baada ya uhuru nafasi yake ikachukuliwa na Shirika la Nyumba la Kitaifa (NHC). Mitaa inayokumbukwa kuwa kazi ya shirika hilo iko mijini.

Ni kweli kwamba NHC imekuwa na mpango wa kuwakopesha watu binafsi wanaojenga mashambani na viungani mwa miji. Lakini anayeomba mkopo huo hutakiwa kuwa na hatimiliki, ramani ya nyumba iliyoidhinishwa, makadirio ya gharama na uthibitisho wa mapato. Masharti hayo humfaa mfanyakazi wa ofisini ambaye tayari amenunua ploti kwa jina lake. Humwacha nje yule anayelima ardhi aliyoachiwa na wazazi.

Hatua ya pili ilikuja na kuundwa kwa kampuni ya Kenya Mortgage Refinance (KMRC) mwaka wa 2018, ambayo ilipewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka wa 2020. Kampuni hii haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu kwa riba ya chini, ili nazo ziwakopeshe wateja kwa riba isiyofikia asilimia kumi.

Hapo ndipo mipaka ya kijiografia ilipojitokeza wazi. Mwanzoni, mkopo wa nyumba uliostahili kufadhiliwa na KMRC haukupaswa kuzidi Sh4 milioni katika eneo la Nairobi na kaunti jirani za Kiambu, Machakos na Kajiado. Kwingineko nchini, Meru ikiwemo, kiwango cha juu kilikuwa Sh3 milioni. Baadaye viwango hivyo viliongezwa maradufu, hadi Sh8 milioni na Sh6 milioni.

Kwa mwenye kazi ya mshahara mnono katika mji wa Meru, nyongeza hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mkulima wa Kibirichia haikubadilisha lolote. Hakuwa amezuiwa na kiwango cha juu cha mkopo. Alikuwa amezuiwa na kiwango cha chini cha stakabadhi.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokana na ada ya nyumba. Sheria ya Fedha ya 2023 iliwalazimu wafanyakazi kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri kutoa kiasi sawa na hicho. Mnamo Novemba 28, 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba ada hiyo ilikiuka katiba. Miongoni mwa sababu zao ni kuwa iliwabagua walioajiriwa katika sekta rasmi kwa kuwatoza wao peke yao. Januari 2024, Mahakama ya Rufaa ilikataa kuruhusu makato yaendelee.

Serikali ilirudi bungeni. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo Rais William Ruto aliitia saini mnamo Machi 19, 2024, iliondoa kasoro hiyo kwa kupanua wigo. Sasa ada inamhusu mwenye mshahara na pia mwenye mapato mengine, akiwemo mkulima na mfanyabiashara. Oktoba 2024, Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi za kuipinga sheria hiyo mpya.

Kwa kupanua orodha ya wanaotozwa, serikali ilipanua pia orodha ya wanaoweza kudai haki ya kunufaika. Sheria ya 2024 inataja makundi ya nyumba kulingana na mapato: zile za kijamii kwa wenye mapato ya chini ya Sh20,000 kwa mwezi, zile za bei nafuu kwa wanaopata kati ya Sh20,000 na Sh149,000, na zile za tabaka la kati kwa wanaozidi kiasi hicho. Kisha inataja kundi la nne, nyumba ya bei nafuu ya mashambani, inayomlenga mtu anayeishi katika eneo lolote lisilo la mji.

Huo ulikuwa utambuzi muhimu. Kulingana na sensa ya 2019, Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6, na karibu saba kati ya kila kumi waliishi mashambani. Kaunti ya Meru pekee ilikuwa na watu 1,545,714. Mpango wa nyumba unaowatoza wote lakini unaojenga vyumba vya ghorofa mijini pekee ungekuwa mgumu kuutetea mbele ya mkazi wa Kibirichia, ambaye tayari ana mahali pa kujenga na hana haja ya kuhamia orofa ya tano.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mfanyakazi anayelipwa Sh40,000 kwa mwezi hukatwa Sh600, na mwajiri wake hutoa Sh600. Kwa mwaka, Sh14,400 huingia katika hazina ya nyumba kwa jina la mtu mmoja. Iwapo mtu huyo anataka kujenga nyumbani kwao, ana haki ya kuuliza ni lini na kwa njia gani fedha hizo zitamfikia.

Lakini tangu mwanzo, neno "mashambani" lenyewe lina utata. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2019, inaweka watu 10,000 kuwa idadi ya chini ya kupewa hadhi ya mji, 50,000 kwa manispaa na 250,000 kwa jiji. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, manispaa zimeongezeka nchini, na mipaka yake mara nyingi humeza vijiji na mashamba yanayozunguka mji.

Kwa hivyo mkulima anaweza kulala akiwa mkazi wa mashambani na kuamka akiwa ndani ya manispaa, ilhali shamba ni lile lile, ng'ombe ni wale wale na barabara ni ile ile ya matope. Ikiwa fedha za nyumba za mashambani zitagawanywa kwa kufuata mstari wa ramani, mstari huo utakuwa na thamani ya pesa, na wanasiasa watauvuta.

Marekani imeishi na tatizo hilo kwa miongo mingi. Tangu Sheria ya Nyumba ya 1949, Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo imekuwa ikitoa mikopo ya nyumba kwa wakazi wa mashambani, pamoja na ruzuku kwa wazee wasiojiweza wenye umri wa miaka 62 na zaidi ili warekebishe nyumba zenye hatari. Eneo linalostahili hupimwa hasa kwa idadi ya watu, na kila baada ya sensa miji fulani hupoteza sifa hiyo. Bunge la huko limelazimika mara kwa mara kuyapa muda zaidi maeneo yaliyokuwa yakinufaika, mradi wakazi wake wasizidi 35,000.

Funzo kwa Kenya ni kwamba mpaka wa mashambani hauna budi kuchapishwa mapema, kwa orodha inayoeleweka, na kwamba anayebadilishiwa hadhi ya eneo lake apewe muda. Hata hivyo, Marekani ina jambo moja ambalo Kibirichia haina. Huko, kwa kiasi kikubwa, anayeomba mkopo anaweza kuthibitisha ni nani mwenye ardhi.

Chukua mfano wa familia ya kawaida katika nyanda za juu za Meru. Babu alipewa hatimiliki wakati ardhi ilipopimwa na kusajiliwa. Alifariki akiwa na wana wanne, ambao waligawana shamba kwa kupanda miti ya mpaka. Kila mmoja alijenga, akaoa na kupata watoto. Wajukuu nao wakakatiwa vipande vyao. Mipaka inajulikana na majirani wote, na huenda hakuna ugomvi wowote. Lakini kwenye sajili ya ardhi, mwenye shamba ni marehemu.

Mjukuu wa familia hiyo anapokwenda kuomba mkopo, hawezi kuweka rehani ardhi ya mtu aliyekufa. Inabidi familia ifungue kesi ya urithi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Chifu huandika barua ya kuwatambua warithi, ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na kwa kawaida miezi sita hupita baada ya msimamizi kuteuliwa kabla ya mahakama kuthibitisha mgao. Baada ya hapo mpimaji hulipwa, vipande hutengwa na hati mpya huombwa.

Ikiwa babu naye aliacha mwana ambaye pia amefariki, kesi huwa mbili. Ikiwa mrithi mmoja yuko ng'ambo au amekataa kutia sahihi, kila kitu husimama. Gharama za wakili, mahakama na mpimaji huweza kumaliza akiba ambayo ingenunua mawe ya msingi.

Hata aliyefaulu kupata hati hajamaliza. Ardhi ya kilimo haiwekwi rehani bila idhini ya bodi ya ardhi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967. Aidha, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mume au mke akubali kabla ya boma la ndoa kuwekwa rehani. Hizi ni kinga nzuri, zilizowekwa baada ya familia nyingi kupoteza makao kwa mikopo ambayo hazikuijua. Hata hivyo, huongeza safari za kwenda ofisini, na kila safari humgharimu mkulima siku ya kazi.

Anayeumia zaidi ni mwanamke. Katiba ya 2010 na Sheria ya Urithi zinampa binti haki sawa na ndugu zake wa kiume. Lakini mila ya kugawa shamba kwa wana wa kiume ingali na nguvu katika nyumba nyingi. Muuguzi au mwalimu wa kike aliyezaliwa Kibirichia hukatwa ada ya nyumba kila mwezi sawa na kaka yake. Anapotaka kujenga, huenda asiwe na jina katika hati ya baba wala ya mume. Kwake yeye, kupanuliwa kwa mikopo hadi mashambani ni ahadi inayopitia mkononi mwa mtu mwingine.

Kizingiti kingine ni mapato. Benki humwelewa mtu wa mshahara kwa sababu mshahara huja kila mwezi. Viazi huvunwa mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua ndefu na baada ya vuli, na bei huporomoka pale kila mtu anapovuna kwa wakati mmoja.

Mkopo wa Sh1 milioni wa miaka 15 kwa riba ya asilimia tisa unamtaka mkopaji alipe takriban Sh10,140 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 14, malipo hupanda hadi takriban Sh13,320, na kufikia mwisho wa mkopo tofauti huwa zaidi ya Sh570,000. Riba nafuu, kwa hivyo, ni msaada wa kweli. Lakini mkulima hana Sh10,140 kila mwezi. Ana karibu Sh61,000 za kulipa kila baada ya miezi sita, iwapo mavuno yatakubali. Mkopo usiozingatia tofauti hiyo humfanya mtu mwaminifu aonekane mdeni sugu kufikia mwezi wa tatu.

Na deni likishindikana, sheria ina mwendo wake. Mkopeshaji hutoa notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Kinachouzwa hapo si nyumba tu. Ni shamba linalolisha familia na, katika maboma mengi, mahali walipozikwa wazee. Ndiyo maana wakulima wengi huiogopa rehani, na hofu yao si ujinga.

Wako wanaoona kwamba fedha za nyumba hazifai kabisa kupelekwa mashambani. Hoja yao ni kuwa uhaba mkubwa uko mijini, ambako familia hupanga chumba kimoja katika mitaa ya mabanda, na kwamba mtu wa mashambani angalau ana paa lake. Wanaongeza kuwa kuwakopesha watu wajenge kila mmoja kwenye kipande chake kutazidi kula ardhi ya kilimo.

Hoja hiyo ina uzito, na ingekuwa na nguvu zaidi iwapo ada ingetozwa wakazi wa mijini pekee. Maadamu anayechangia ni kila mwenye mapato, na maadamu kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao bora bila kutaja mjini wala kijijini, serikali haiwezi kumwambia mkazi wa Kibirichia kwamba paa lake la zamani linatosha.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti kuhusu hati. Tanzania, kupitia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliruhusu halmashauri za vijiji kutoa hati za hakimiliki za kimila, ambazo zinaweza kutumika kama dhamana, ingawa benki nyingi zimezipokea kwa tahadhari. Afrika Kusini, katika mpango wake wa ruzuku za nyumba za mashambani, ilikubali kuwasaidia watu wenye haki ya kimila ya kukaa kwenye ardhi hata bila hati ya kusajiliwa, mradi haki hiyo isiwe na mgogoro.

Kenya haina ruzuku kama hiyo kwa mjenzi wa mashambani. Ikiwa itaanzisha moja, pa kuanzia si mabati wala saruji. Ni karatasi. Kiasi kidogo cha fedha cha kulipia kesi ya urithi, upimaji na usajili kingewafungulia watu wengi mlango wa mkopo kuliko kushusha riba kwa asilimia moja au mbili. Fedha hizo hazingepotea, kwani ardhi ikishasajiliwa kwa jina la mwenyewe hubaki hivyo kwa manufaa ya vizazi.

Mahakama nazo zingeweza kufanya vikao maalumu vya urithi karibu na wananchi. Katiba, katika kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi wa kijadi, na Meru ina baraza la wazee la Njuri Ncheke ambalo limezoea kusikiliza mizozo ya ardhi. Makubaliano ya familia yaliyofikiwa mbele ya wazee, mabinti wakiwemo, yangeipunguzia mahakama kazi, mradi haki za kikatiba zisiachwe nje ya mlango.

Wakati hati zikisubiriwa, vyama vya akiba na mikopo vinaweza kuziba pengo. Eneo la Meru lina utamaduni mrefu wa vyama vya ushirika vilivyojengwa juu ya kahawa, chai na maziwa. Chama kinachopokea malipo ya maziwa ya mwanachama kila mwezi kinajua mapato yake kuliko benki yoyote. Kinaweza kumpa mkopo mdogo wa ujenzi, wa chumba baada ya chumba, kwa dhamana ya wanachama wenzake badala ya shamba. Kinachokosekana ni fedha za riba nafuu kwa mikopo ya aina hiyo, kwa sababu ufadhili wa KMRC umejengwa juu ya rehani ya nyumba au ardhi.

Hatua hizi hazina mvuto wa sherehe za kukabidhi funguo, na hakuna kiongozi atakayepigwa picha akikata utepe mbele ya faili ya urithi iliyokamilika. Lakini ndizo zitakazoamua iwapo kundi la nne la nyumba lililotajwa katika sheria ya 2024 litakuwa na wakazi.

Mwalimu wa Kibirichia ataendelea kukatwa ada yake mwisho wa mwezi, na mkulima jirani yake anatarajiwa kufanya vivyo hivyo. Kabla ya kuwaambia kwamba sasa wanastahili mkopo, serikali ingefaa kwanza kuwasaidia waweze kuthibitisha kwamba ardhi wanayoilima ni yao.